Bangili za shanga za malighafi mchanganyiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Arusha na Moshi

Maswali haya yametoka kwa wanaojifunza kutunga bangili Arusha na Moshi, kwa wateja wao, na kwa mafundi wa siku nyingi wanaokwama mahali fulani. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayojitokeza mara moja moja. Jambo likiwa limeelezwa kwenye jibu jingine, tumekuelekeza huko. Msimamo wetu utauona tangu mwanzo hadi mwisho: malighafi iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua bangili itengenezwe vipi. Rangi hufuata baadaye.

## Ya mwanzo

1. Bangili ya malighafi mchanganyiko ni ipi hasa?

Ni bangili iliyounganisha angalau vitu viwili vyenye tabia tofauti: kioo na mfupa, shaba na ngozi, mbegu na jiwe. Shanga za kioo za rangi kumi bado ni malighafi moja. Tofauti hiyo inaonekana baada ya miezi michache mkononi. Kioo kwa kioo hukaa pamoja bila ugomvi, lakini shaba inayogonga mfupa kutwa nzima huacha makovu, ngozi hunywa jasho na kukakamaa, mbegu huvimba masika. Anayebuni bangili hizi anapanga nani akae jirani na nani.

2. Nianze na vifaa gani?

Vichache. Sindano za shanga namba 10 na namba 12 (namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba), mkasi mdogo mkali, plaizi ya mdomo mwembamba, plaizi ya kukatia waya, utepe wa fundi cherehani, kipande cha nta ya nyuki cha kupaka uzi, na kitambaa kizito cha kumwagia shanga zisibingirike. Kwa bangili pana zilizofumwa, ubao wenye misumari miwili mitatu kila upande unatosha. Seremala yeyote wa mtaani atakutengenezea.

Drili, msasa wa mashine na vitu vya kuchomea viache kwanza. Mifupa na mbegu zilizokwisha kutobolewa zinapatikana, na utajifunza kutunga haraka zaidi usipokuwa unapigana na vumbi.

3. Namba 6/0, 8/0 na 11/0 kwenye shanga zina maana gani?

Ni ukubwa wa punje. Namba inavyopanda, punje inapungua. 6/0 ina unene wa karibu milimita 4, 8/0 karibu milimita 3, 11/0 karibu milimita 2, na 15/0 karibu milimita moja na nusu. Ukizipanga kwenye uzi, sentimita moja hubeba takriban punje 3 za 6/0, punje 4 hadi 5 za 8/0, au punje 7 za 11/0.

Shanga nyingi za kioo zinazotumika kwenye kazi za Kimasai hutoka Jamhuri ya Czech, eneo la Jablonec nad Nisou, ambako kazi hii ni ya miaka mingi. Huuzwa zikiwa zimetungwa kwenye nyuzi na kufungwa kwa mafungu. Za Japani, kama Miyuki na Toho, zinalingana sana punje kwa punje na tundu lake ni pana, lakini bei iko juu. Kwa bangili iliyofumwa kwenye ubao, usawa huo una faida kubwa. Kwa bangili ya kutungwa tu pamoja na mfupa na shaba, za Czech zinatosha, na kutolingana kwao kidogo kunapatana vizuri na vitu vya mkono.

4. Nanunua wapi malighafi Arusha na Moshi?

Arusha, pitia Soko Kuu na maduka ya mitaa inayolizunguka kwa shanga na nyuzi, kisha soko la Wamasai kwa vitu vilivyokamilika unavyoweza kufumua au kuagiza kwa kinamama wenyewe. Moshi, Soko Kuu na maduka ya vifaa vya ushonaji. Ngozi ya bei nafuu iko kwenye mitumba: mikanda na mikoba ya zamani ya Memorial, Moshi, hukatwa ikatoa kamba nzuri ambazo tayari zimelainika. Anayetaka ngozi mpya kwa wingi aulize kwa wanaochukua ngozi ya viwanda. Kiwanda kikubwa cha ngozi kiko Karanga, Moshi.

Mafundi cherehani wa vitenge hutupa vipande kila jioni, nawe waweza kuvikunja na kuvishona vikawa punje za nguo. Shanga za shaba na alumini iliyoyeyushwa, pamoja na mifupa iliyochorwa kwa nta na rangi, nyingi huingia kutoka Kenya kupitia Namanga. Shaba hiyo mara nyingi ni makufuli na mabomba ya zamani.

## Vipimo na mpangilio

5. Mkono napimaje?

Zungusha utepe chini kidogo ya kifundo, ugusane na ngozi bila kubana. Ongeza sentimita 1 kwa anayependa bangili itulie, au 2 kwa anayependa icheze. Mteja akiwa mbali, mwambie azungushe uzi, akate, kisha apime uzi huo kwenye rula na akutumie picha ya uzi ukiwa juu ya rula. Maneno kama «mkono wa kawaida» yasikutoshe.

6. Nilipima sawasawa, mbona bangili imebana?

Kwa sababu ya unene wa shanga. Punje nene hula nafasi ya ndani ya duara. Hesabu yake ni rahisi: chukua unene wa punje, zidisha kwa 3.14, ongeza kwenye kipimo.

Tuseme mkono ni sentimita 16 na unataka nafasi ya sentimita 1. Ukitunga kwa 11/0 zenye milimita 2, unaongeza sentimita 0.6, urefu wote unakuwa 17.6. Ukitumia punje za mfupa zenye milimita 10, unaongeza sentimita 3.1, na urefu unafika 20.1. Mkono ni ule ule, tofauti ni zaidi ya sentimita mbili. Bangili yenye punje nene upande mmoja tu huongezewa kwa kadirio la katikati, kisha ijaribishe kwenye chupa au bomba lenye mzunguko sawa na mkono kabla ya kufunga fundo la mwisho. Urefu wa kifungio umo ndani ya hesabu hii, usiusahau.

7. Nitahitaji shanga kiasi gani?

Mstari mmoja wa 11/0 wenye sentimita 17 unachukua karibu punje 120. Bangili iliyofumwa ya mistari 10 itachukua karibu punje 1,200, yaani takriban gramu 11. Nunua zaidi ya hesabu, kwa kuwa nyingine zina tundu bovu. Zaidi ya hilo, rangi ya fungu linalokuja dukani mwezi ujao inaweza kutofautiana na hili. Kazi ya oda kubwa usiianze kabla hujashika shanga zake zote.

8. Nianze kupanga kwa rangi au kwa malighafi?

Kwa malighafi, kila mara. Weka mezani vitu vyote unavyotaka kuvitumia na ujiulize maswali matatu. Kipi ni kigumu kuliko vyote? Kipi kitaharibika kwanza kikipata maji na jasho? Tundu la kipi ni dogo kuliko yote? Jibu la kwanza linakuambia wapi pa kuweka kizuizi, la pili linakuambia mteja umpe maelekezo gani ya utunzaji, la tatu linachagua uzi.

Kizuizi ni punje laini au ndogo inayowekwa kati ya vitu viwili visivyopatana. Kati ya jiwe na mfupa weka kipande chembamba cha ngozi au punje ya nguo. Kati ya shaba nzito na kioo, punje moja ya 8/0 kila upande. Ikipasuka hiyo, umepoteza punje ya bei ndogo na jiwe lako limesalimika.

Baada ya hapo ndipo rangi. Ushauri wetu kwa anayeanza ni kuchagua kitu kimoja kikuu, kwa mfano kipande cha mfupa uliochorwa, kisha rangi zote nyingine zitoke ndani yake. Bangili nyingi za mwanzo huchosha macho kwa kuwa kila punje inataka kuwa mgeni rasmi.

Jambo jingine ni uzito. Kitu kizito kuliko vyote kitazunguka na kwenda chini ya mkono, upende usipende. Ukitaka kionekane juu, kifungio kiwe na uzito unaokaribiana nacho, au tumia waya wa springi ambao hushika mkono.

9. Mimi si Mmasai. Naweza kutumia rangi na mitindo ya Kimasai?

Rangi hazina mwenyewe, lakini kazi ina wenyewe. Shanga za kioo zilifika bara na misafara ya pwani katika karne ya 19. Kabla yake Wamasai walijipamba kwa mbegu, mifupa, chuma na shaba. Wanawake ndio waliozigeuza kuwa sanaa inayojulikana leo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu na mvua, kijani ni nyasi. Hata hivyo mitindo hubadilika rika kwa rika na eneo kwa eneo, kwa hiyo usimwambie mgeni kwamba bangili yako «inasema» jambo ambalo hakuna mama wa Longido au Monduli aliyekuambia.

Tunashauri hivi. Ukitaka sehemu ya Kimasai ndani ya bangili yako, inunue kwa mama anayeitunga, mlipe bei anayoitaja, na mteja umwambie sehemu hiyo imetoka kwa nani. Ukitengeneza yako, jifunze kanuni na uache kunakili pambo zima. Kanuni mojawapo inayofaa popote: rangi mbili kali hazigusani moja kwa moja, nyeupe au rangi iliyokoza huingia katikati kuzitenga, na mtindo hukatizwa kabla haujachosha.

## Uzi, mafundo na vifungio

10. Uzi upi kwa kazi ipi?

Uzi wa pamba usiutumie kwa bangili, jasho huuozesha. Nailoni iliyopakwa nta inafaa shanga za kioo, mbegu na nguo. Uzi wa kuvulia samaki uliosukwa ni imara kuliko ule wa mshipi mmoja unaong'aa, ambao hurefuka na baada ya jua jingi hukatika kama kijiti. Mawe mazito na shaba yanataka waya laini wa nyuzi za chuma uliofunikwa kwa nailoni, unaofungwa kwa punje za kubana (vipande vidogo vya chuma vinavyobanwa kwa plaizi), wala si kwa fundo. Kamba ya mkonge inapendeza machoni lakini huchoma ngozi, kwa hiyo iache nje ya upande unaogusa mkono.

Lastiki ni ya bangili nyepesi. Ivute vizuri kabla ya kutunga ili irefuke yote inayotaka kurefuka, la sivyo bangili italegea wiki ya kwanza.

11. Bangili zangu zinakatika baada ya muda mfupi. Tatizo ni uzi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na watu wengi hujibu kwa kununua uzi mnene zaidi. Mara nyingi uzi hauna kosa. Kinachokata ni ukingo wa tundu.

Chukua punje ya shaba iliyomwagwa kwenye udongo, au jiwe lililotobolewa kwa haraka, uangalie tundu kwa mwanga. Utaona ukingo mkali unaomeremeta. Bangili ikivaliwa, mkono haukai kimya: unaosha vyombo, unaandika, unashika bomba la daladala. Kila mtikisiko unausukuma uzi kwenye ukingo ule ule. Shanga za mrija, zile ndefu za kioo, zina tabia hiyo hiyo kwenye ncha zake.

Dawa ni nne, na zinafanya kazi pamoja. Kwanza, safisha tundu kwa msasa mwembamba uliosokotwa, au kwa kekee ndogo ya mkononi, ukiwa umelowesha kioo au jiwe kwa maji ili vumbi lisiruke. Pili, weka punje ndogo ya mviringo kila upande wa ile kali, ili uzi uingie tunduni ukiwa katikati. Tatu, pitisha uzi mara mbili au zaidi. Ukikatika mmoja, mwingine unashika. Nne, mkazo. Uzi uliolegea unacheza na kusagika, uliokazwa mno unavunjika kwenye kona. Shika bangili kwa ncha moja ining'inie: punje zikae zimegusana, lakini ukiikunja iwe duara isikatae.

Kwa vitu vya thamani, funga fundo kati ya punje na punje. Kazi inachukua muda mara mbili, lakini uzi ukikatika inapotea punje moja, na zilizobaki ziko salama. Kwa jiwe la mteja hatukubali kutunga kwa namna nyingine.

12. Naweza kuimarisha fundo kwa supa gluu?

Usifanye hivyo kwenye lastiki na nyuzi laini. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu, na uzi hukatika pale pale gundi inapoishia. Tone la rangi ya kucha isiyo na rangi linatosha. Kwa lastiki tumia fundo la kupitisha ncha mara mbili au tatu kabla ya kukaza, kisha ulivute liingie ndani ya punje yenye tundu pana.

13. Kifungio gani ni bora?

Kwa mtu anayevaa mwenyewe bila msaidizi, kitanzi na kifungo. Kifungo cha mpingo, cha mfupa au cha pembe ya ng'ombe kinakuwa sehemu ya urembo, kinafungwa kwa mkono mmoja na hakina chuma cha kusababisha mwasho (tazama swali la 25). Kulabu za chuma za dukani ni nafuu lakini hupauka. Sumaku ni rahisi kufunga, ila bangili nzito hufunguka yenyewe, na mtu mwenye kifaa cha moyo asivae.

## Malighafi moja moja

14. Mfupa na pembe ya ng'ombe vinaandaliwaje?

Mfupa mbichi kutoka machinjioni huondolewa nyama na uboho, hulowekwa kwenye maji ya sabuni yanayobadilishwa mara kwa mara hadi mafuta yatoke, kisha hukaushwa kivulini. Mfupa wenye mafuta hugeuka njano na kunuka baadaye, na hakuna pambo litakaloficha hilo. Kuufanya mweupe tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Dawa ya klorini ya kufulia huula mfupa kutoka ndani na kuufanya uwe wa kubomoka. Kuupa rangi ya kahawia, chemsha chai nzito au kahawa, uuache humo usiku kucha.

Pembe ni kitu kingine kabisa. Ni jamii ya kucha na nywele, hulainika kwa joto, na ikiwa laini unaweza kuinyoosha au kuikunja, kisha ikipoa hubaki hivyo.

Vumbi la vyote viwili ni baya kwa mapafu. Barakoa, dirisha wazi, na kusaga kukiwa na unyevu.

15. Kwa nini shaba inaacha kijani mkononi?

Shaba nyekundu, na shaba njano ambayo ndani yake mna shaba nyekundu, huchanganyika na jasho na hewa zikatoa chumvi za kijani. Haina madhara, huoshwa kwa sabuni. Kuizuia, paka upande wa punje unaogusa ngozi safu nyembamba ya vanishi safi na urudie inapochakaa.

Shaba iliyofifia husafishwa kwa limau na chumvi, lakini isafishe kabla ya kutunga. Tindikali ya limau hula mfupa, makombe ya kauri na lulu. Bangili ikiwa imeshakamilika, futa shaba peke yake kwa kitambaa kikavu.

16. Mbegu zipi ni salama? Naweza kutumia kahawa?

Kahawa inawezekana, na kwa bangili ya Moshi ina maana yake. Huu ni mji ulioishi kwa kahawa ya vihamba vya Kilimanjaro, na chama kikuu cha ushirika wa wakulima wake, KNCU, ni cha tangu 1933. Buni kavu isiyokaangwa hutobolewa kwa kekee nyembamba bila kupasuka kirahisi. Iliyokaangwa inanukia vizuri lakini huvunjika na kuchafua nguo kwa mafuta yake. Paka vanishi na utungie uzi wa nta. Mbegu za ubuyu pia ni ngumu na hupokea rangi vizuri.

Mbegu zote zigandishe kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuzitumia, au uziweke kwenye oveni ya moto mdogo. Wadudu hutaga ndani, na hakuna aibu kama mteja kuona tundu jipya kwenye bangili aliyonunua mwezi uliopita.

Sasa onyo. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazoitwa turituri, zina sumu kali sana, na anayezitoboa anafungua ganda linaloizuia. Mbegu za mbarika, zenye madoa kama kupe, nazo zina sumu kali. Zinapendeza, tunajua. Usizitumie, na ukiletewa bangili ya zamani yenye mbegu hizo, iweke mbali na watoto.

17. Shanga za chupa zilizoyeyushwa hutengenezwaje? Naweza nyumbani?

Chupa husafishwa, husagwa au hukatwa, huyeyushwa kwenye tanuri na kuundwa. Sehemu ngumu iko mwishoni: punje lazima ipoe polepole sana ndani ya tanuri. Ikipoa haraka inabaki na mkazo ndani, na itapasuka siku yoyote, hata ikiwa imekaa mezani. Jiko la mkaa halikupi udhibiti huo, kwa hiyo nunua kwa wanaojua. Ukitaka kuona kazi yenyewe, karakana ya Shanga iliyoko Arusha Coffee Lodge hutengeneza vitu kwa vioo vya chupa, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Nenda utazame wanavyozungusha kioo kwenye fimbo. Utaacha kulalamikia bei ya punje.

18. Nitajuaje mpingo wa kweli?

Tumbukiza majini: mpingo huzama. Kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Mbao nyepesi iliyopakwa dawa ya viatu itaacha weusi kwenye pamba. Uking'arisha mpingo kwa msasa laini na mafuta kidogo, hauhitaji vanishi. Kuhusu kuusafirisha, tazama swali la 23.

19. Tanzanite inafaa kwenye bangili?

Inafaa kwa bangili ya kutoka, haifai ya kila siku. Jiwe hili, lililogunduliwa 1967 na linalochimbwa Mirerani, Simanjiro, lina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, na lina upande ambao hupasuka kwa pigo moja. Mkono hugonga milango na meza kutwa. Ukiitumia, iweke upande wa juu wa mkono, katikati ya punje laini, kwa mafundo ya swali la 11. Usiisafishe kwa mashine ya mitetemo wala maji ya moto. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Kioo cha buluu kinauzwa sana, na risiti ndiyo itakayomlinda pia mteja wako.

Sisi tunapenda zaidi jiwe la Longido, lile la kijani lenye madoa ya rubi, lililogunduliwa 1954. Ni ndugu wa tanzanite, yote mawili ni ya madini yaitwayo zoisaiti, lakini hili halipiti mwanga, linachongwa kuwa punje kubwa na bei yake inavumilika. Karibu na mfupa mweupe na shaba njano linapendeza ajabu. Kumbuka rubi ni ngumu kuliko kijani inayoizunguka, kwa hiyo likisagwa ovyo madoa hubaki yameinuka na hukwaruza jirani.

20. Ngozi inaota ukungu masika. Nifanyeje?

Kuanzia Machi hadi Mei weka ngozi mahali penye hewa, mbali na ukuta, kamwe si ndani ya mfuko wa nailoni. Ukungu ukishaota, futa kwa spiriti, kausha kivulini, paka nta ya nyuki.

## Kuuza na sheria

21. Nipange bei vipi?

Jumlisha malighafi, muda wako, na gharama ndogo ndogo kama usafiri, umeme na ufungashaji. Tuseme malighafi ni shilingi 3,500, umetumia saa mbili kwa kiwango cha shilingi 3,000 kwa saa, na gharama nyingine ni 1,000. Hiyo ni 10,500, na hapo bado hujaongeza faida. Maduka ya wageni nayo huweka sehemu yao juu, kwa hiyo bei yako ya jumla lazima ikuache na kitu, na bado iuzike hata mwenye duka akiizidisha mara mbili.

Kosa la wengi ni kuhesabu saa zao kuwa bure. Mteja akisema sokoni kuna za bei ya chini, mwoneshe fundo, tundu lililosafishwa na kifungio. Asipoona tofauti, mwache aende kwa amani. Usishushe bei hadi chini ya muda wako, kwa sababu unawashusha na kinamama wanaokaa karibu nawe.

Msimu mkubwa wa wageni ni Juni hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari. Moshi ina siku za Kilimanjaro Marathon, Arusha ina mikutano ya AICC (kituo cha mikutano cha kimataifa) na Nane Nane ya Njiro. Miezi ya mvua ndiyo ya kutunga akiba. Mafunzo ya biashara na ufungashaji uliza SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo; ofisi zipo mikoa yote miwili.

22. Vitu gani nisivitumie kabisa?

Pembe za ndovu, singa za mkia wa tembo, kucha na meno ya simba au chui, mifupa ya wanyamapori, na magamba ya kasa ng'amba. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, sehemu za wanyamapori ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa kubwa, hata kama umeziokota. Bangili zinazoitwa za singa za tembo zinaigwa vizuri kwa nailoni nyeusi nene; mwambie mteja wazi kuwa ni nailoni, na uandike kwenye kadi. Mfupa nao uandikwe «mfupa wa ng'ombe». Afisa wa uwanja wa ndege hawezi kukisia.

23. Mteja wangu anasafiri nje. Bangili itapita?

Kioo, shaba na nguo hazina shida. Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2017, lakini bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimesamehewa, kwa hiyo bangili chache hupita. Australia na New Zealand ni wakali kwa mbegu, mbao na vitu vya wanyama. Msafiri lazima avitaje anapofika, na mbegu zinaweza kuchukuliwa. Kwa mteja wa huko pendekeza kioo, shaba na mawe.

24. Nifungashe kwa nini?

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Karatasi ngumu, au kifuko cha vipande vya kitenge, ni nafuu na mteja hukitunza. Ndani weka kadi ndogo: malighafi zote, mahali ilipotengenezwa, na namna ya kuitunza.

## Yanayojitokeza mara moja moja

25. Mteja anawashwa akivaa. Kwa nini?

Mara nyingi ni nikeli kwenye kulabu na pete za bei nafuu. Badilisha kifungio kiwe cha mfupa au mpingo na utunge upya. Akiendelea kuwashwa, chunguza vanishi na rangi ya ngozi.

26. Naweza kumtengenezea mtoto mchanga?

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, hapana, hata mama akikuomba sana. Uzi hukatika na punje huenda mdomoni. Mtengenezee mama bangili ya rangi alizozichagua kwa ajili ya mtoto. Kwa mtoto mkubwa zaidi, tumia kioo na nguo tu. Punje za chuma za asili isiyojulikana zinaweza kuwa na risasi.

27. Nitajuaje kama rangi ya shanga itatoka?

Chukua punje chache za kila fungu jipya. Nyingine zisugue kwa pamba yenye asetoni, nyingine ziloweke kwenye siki, nyingine ziache dirishani juani wiki nzima, kisha zilinganishe na zilizobaki gizani. Zenye rangi ya fedha au dhahabu ya juu juu hushindwa mara nyingi. Zikishindwa, zitumie kwenye hereni, ambako jasho ni kidogo.

28. Nimeletewa bangili ya zamani ya bibi imekatika. Naibadilishaje?

Ipige picha pande zote kabla hujagusa, kisha fumua juu ya kitambaa ukipanga punje kwa mfuatano wake kwenye utepe wa gundi. Mrudishie mwenyewe hata punje zilizopasuka na uzi wa zamani. Usijazie mapengo kwa punje mpya zinazofanana bila kumwambia. Wengine hupenda pengo lijazwe kwa rangi tofauti kabisa ili lijulikane, waulize.

29. Mteja ameleta ukucha wa simba wa babu yake, anataka uwekwe kwenye bangili. Nikubali?

Usiupokee, hata wa kuuweka dukani usiku mmoja. Kama hana cheti cha umiliki, wewe unayekutwa nao ndiye utakayeulizwa. Mwelekeze ofisi ya wanyamapori au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, akaeleze jinsi ukucha ulivyomfikia. Akitaka kumbukumbu ya babu, mwombe alete kitu kingine: kifungo cha koti lake, kipande cha mkanda wake wa ngozi, au hata ufunguo wa shaba wa sanduku lake. Vyote hivyo vinatungika, na ufunguo uuwekee punje za 8/0 kila upande kama ilivyoelezwa kwenye swali la 8.